Mama Alipoombwa Kumfukuza Kaka Yangu

Watu wa sinema walipofika Garissa, jambo la kwanza walilotaka kujua ni wapi vijana wetu hukaa wakiwa wamekata tamaa. Waliniuliza mimi kwa sababu walikuwa wameniajiri niwatafsirie, Kisomali kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kisomali, na mtafsiri hudhaniwa anajua kila kitu. Nikawaambia vijana wakikata tamaa huenda kunywa chai. Mwongozaji akauliza, na wakiwa na furaha je? Nikamwambia hapo pia huenda kunywa chai. Alitikisa kichwa polepole kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

Alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, mwenye adabu zake, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata saa saba mchana. Kofia ya sufu, Garissa! Nilimwonea huruma tangu siku ya kwanza, lakini huruma hiyo haikunizuia kumcheka. Alitueleza kwamba filamu yake ni nusu kweli, nusu hadithi. Vijana hawataigiza watu wengine, watakuwa wao wenyewe na shida zao wenyewe, ila watafuata kisa atakachokipanga yeye. Kisa chenyewe kilihusu kiwanda cha ngozi kilichoko nje ya mji, kile kilichofunguliwa kwa hotuba na mahema, kikafanya kazi kidogo, kisha kikaanza kuzimika kama taa ya chemli. Leo hakuna dawa ya kulainishia ngozi, kesho hakuna umeme, keshokutwa hakuna mshahara, mpaka lango likatiwa kufuli na vijana wakarudi kwa mama zao.

Mmoja wao alikuwa kaka yangu. Alikuwa amesomea ngozi chuoni, akarudi na cheti na maneno mengi, akaajiriwa kiwandani, na kwa muda tukanyamaza wote kwa sababu ndiye aliyekuwa akinunua mchele. Kiwanda kilipofungwa akawa anawasaidia madalali siku za mnada wa mifugo. Siku nyingine alikuwa analisaidia godoro lisipeperushwe na upepo. Mwongozaji alimwona mara moja tu akasema huyu ndiye. Mimi nilijua kilichomvutia: kaka yangu ana sura ndefu ya huzuni aliyoirithi kwa babu. Hata akishiba pilau, mgeni anaweza kudhani amefiwa.

Basi wakaanza. Wiki nzima waliwaketisha vijana sita chini ya ukuta wa kiwanda, wakitazama mbali. Hakuna kijana wa Garissa aliyewahi kukaa chini ya ukuta ule. Jua linaupiga kuanzia asubuhi, na harufu ya ngozi za zamani bado iko pale, inakusalimu kabla hujafika. Lakini mwongozaji aliwapanga vizuri, akawaambia wawazie maisha yao ya baadaye. Baada ya muda nikamsikia mmoja akimnong'oneza kaka yangu kwamba maisha yake ya baadaye ni kivuli. Walicheka mpaka ikabidi kurudiwa. Picha ile ilirudiwa mara nyingi mpaka vijana wakawa wamekata tamaa kwelikweli, na mwongozaji akafurahi.

Shida iliyofuata ilikuwa nyumbani kwetu. Mwongozaji alitaka nyumba ionekane kama ilivyo, yaani nyumba ya mjane ambaye mwanawe hana kazi. Baba alifariki zamani, nikiwa bado shule ya msingi, na mama ametulea kwa kuuza maziwa ya ngamia. Kwa hiyo nyumba tunayo, na ndani mna mkeka, mito, na redio isiyosema. Lakini mama alipopata habari kwamba nyumba yake itaonekana na watu wa nchi nzima, aliwapigia simu majirani. Kesho yake wapiga picha walipofika walikuta zulia jekundu, pazia lenye nyuzi za dhahabu na thamosi nne. Siku iliyofuata kukawa na kabati la vyombo, na vyombo ndani yake. Mama mwenyewe alikuwa amevaa nguo ya Idi.

"Mwambie tunataka nyumba ya kawaida," mwongozaji akaniambia kwa unyenyekevu.

Nikamwambia mama. Mama akamgeukia moja kwa moja kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwanangu, wewe nakuja kwa mama yako na bicha, mama yako nakaa chini kwa fumbi?"

Mwongozaji wakati huo alikuwa na sahani ya anjera na nyama ya mbuzi mapajani, na kila alipojaribu kusema kitu mama alikuwa akiongeza nyama. Mwishowe wakakubaliana kwamba kabati lirudi kwa mwenyewe na zulia libaki. Nafikiri ndiyo filamu pekee ya umaskini yenye zulia zuri hivyo.

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa sinema hawakulijua, ingawa mtaa mzima ulilijua. Kaka yangu alitaka kuondoka. Si kwenda Nairobi, huko alishakwenda akarudi. Alitaka tahriib, njia ile ya magendo ya kwenda Ulaya: Ethiopia, Sudan, Libya, kisha bahari. Rafiki yake mmoja wa Elwak alikuwa ameshafika Ujerumani, na alikuwa akimtumia picha akiwa ameegemea magari. Mimi nilimwambia kaka kwamba magari yale si ya rafiki yake, maana katika kila picha gari ni tofauti na koti ni lile lile. Hakutaka kusikia.

Kilichomzuia ni kitu kimoja tu, nacho ni mdomo wa mama. Kwetu mtoto hafungi safari ya namna ile bila ruhusa ya mzazi. Bila pasipoti anaweza kujaribu, lakini bila neno la mama hathubutu. Neno hilo likiwa dua linamtangulia njiani, likiwa laana linamfuata hata akivuka maji. Kaka yangu hubishana nami juu ya kila kitu, kuanzia mpira mpaka majini, lakini hilo hakulibishia hata siku moja. Na mama alikuwa na sababu zake. Mdogo wake wa mwisho, waliyezaliwa naye Takaba, aliondoka kwa njia ile ile bila kuaga. Simu yake ya mwisho ilitoka jangwani. Bibi yetu alimngoja mpaka siku aliyokufa, na kila simu ilipolia ndani ya nyumba ile alikuwa anauliza kama ni yeye.

Kwa hiyo kila kaka alipoomba ruhusa, mama alikuwa anamjibu kwa upole kabisa kwamba hataitoa. Hakumgombeza. Alikuwa anasema hapana kisha anamuuliza kama amekula.

Siku moja mwongozaji akaniita kando, macho yanamng'aa. Alikuwa amepata mwisho wa filamu. Mama amechoka kumlisha kijana mkubwa asiye na kazi. Anamkasirikia, anamlaani, anamwambia: nenda unakotaka. Kijana anatoka langoni, anaonekana akivuka daraja la Tana peke yake, basi, filamu imekwisha.

"Umeutunga lini?" nikamuuliza.

"Si mimi," akasema kwa furaha. "Ni kaka yako. Umetoka moyoni mwake."

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa ameinama anajitia anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilielewa papo hapo anachokitafuta. Neno alilonyimwa miaka yote alitaka kulichukua mbele ya kamera, mama akidhani ni mchezo, kisha asubuhi moja tukute godoro tupu. Nilimvuta nyuma ya jiko nikamwambia yeye ni mjanja wa kitoto. Akaniambia, "Abaayo, dada yangu, wewe una kazi ya mdomo. Mimi nina cheti cha ngozi na hakuna ngozi." Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilirudi uani sijui nimtakie nini.

Siku yenyewe mama aliketishwa kwenye mkeka uani, kando ya zulia lililotolewa nje kwa ajili ya wageni, kaka akasimama mbele yake. Fundi wa sauti alimbandika mama kinasa sauti kidogo kwenye mtandio. Mama alikitazama akasema kinafanana na mende, lakini akakubali kikae. Nikamweleza anachotakiwa kufanya: akasirike, amlaani mwanawe, amfukuze.

"Haye, sawa," mama akasema. Akatengeneza mtandio.

Mwongozaji akatoa amri ya kuanza, na wallahi sijawahi kumwona mama vile. Alimnyooshea kaka kidole puani. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kuku walikimbia. Alipiga kelele kwa Kisomali mpaka jirani mwenye zulia akachungulia juu ya ukuta. Alipomaliza, mwongozaji alikuwa ameshika kifua.

"Nguvu gani hizi," akasema. "Amemwambia nini hasa?"

Nikavuta pumzi. "Amesema Mungu amwongoze. Mungu ampe riziki ya halali. Mungu amkinge na marafiki wabaya, ampe mke mwenye akili kuliko yeye na watoto wasiofanana naye."

"Hizo ni laana?"

"Hizo ni dua."

Mama akawa anapepea uso kwa ncha ya mtandio, ametulia, ametimiza wajibu wake. Alikuwa ameombwa hasira, akatoa hasira. Kuhusu laana hakuna aliyeweza kumshawishi. Mama hamlaani mtoto kwa mchezo, kwa sababu laana haijui mchezo. Mwongozaji alifikiria kidogo kisha akapata suluhisho. Akasema si neno, uso wake unatosha, maandishi ya Kiingereza yatakayopita chini ya picha yatakuwa ya laana. Watazamaji wengi hawajui Kisomali.

Nililitafsiri hilo neno kwa neno, labda kwa utamu kidogo, maana nilijua litakavyopokelewa. Mama akambandua yule mende kifuani na kumweka kwenye mkeka.

"Muulize," akaniambia, "malaika nao hawasomi?"

Ikawa mgogoro. Mwongozaji aliomba radhi, mama akakubali radhi, chai ikamiminwa. Ndipo kaka yangu akasema, "Basi tuache laana. Aseme tu, nenda unakotaka. Hayo si laana." Alisema kama mtu anayesaidia. Lakini mwisho wa sentensi sauti yake ilipanda kidogo, na mama alimtazama.

Wakaanza tena. Mama akakunja uso, akamtolea kaka macho, akasema, "Nenda ukaoge."

Wakarudia. "Nenda kwa jirani umrudishie thamosi zake."

Wakarudia tena. Safari hii alimtuma sukari. Fundi wa sauti alikuwa ameanza kuelewa, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na mimi nilikuwa nimeuma ulimi. Ni kaka peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama pale na ile sura ya babu, jasho linamtiririka, na nilipomwona hivyo kicheko kikaniisha. Mtu huyu alikuwa anaomba maisha yake mbele ya watu, na sisi tulikuwa tunaona vichekesho.

Nadhani mama naye aliliona. Akamwambia akae. Kaka akakaa mbele yake kwenye mkeka, goti kwa goti. Kamera ilikuwa bado inazunguka.

"Neno hili unalolitaka," mama akasema, "ni la sinema au ni la kweli?"

Kaka akasema, "Ni la sinema, hooyo, mama yangu."

"Vizuri. Basi niapie. Sema wallahi kwamba ni la sinema tu, na kwamba nikilisema hutalibeba kwenda popote. Ukiapa nitalisema mara mia, mpaka huyu mwenye kofia achoke."

Mwongozaji akaninong'oneza, "Wanasema nini?" Sikumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aniajiri, na mpaka leo hajanikata mshahara kwa hilo.

Kaka yangu ni mtu wa vijisababu, lakini kuapa kwa Mungu juu ya uongo, mbele ya mama yake, hawezi. Alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akavaa ndala zake, akatoka langoni. Mpiga picha alimfuata mbiombio akidhani ndiyo yale mambo ya daraja, lakini kaka alilifunga lango nyuma yake.

Tukabaki uani. Mwongozaji alikuwa anatazama juu, ana wasiwasi na mwanga. Mama aliwamiminia wageni chai nyingine. Mama yangu amemimina maziwa kwenye vibuyu na chupa maisha yake yote, mkono wake hauna makosa, na siku ile alimwaga chai kwenye sahani, kwenye zulia la watu, kwenye kiatu cha fundi wa sauti. Niliichukua thamosi mkononi mwake. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama lango bado limefungwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama kaka amechukua simu yake. Nikamwambia simu iko kwenye chaji. Akasema alhamdulillahi, akakaa chini, na niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa.

Adhana ya alasiri ikaita. Mama akaenda kuswali chumbani. Watu wa sinema walianza kukunja nyaya, na mwongozaji akaniambia atatafuta mwisho mwingine, labda mbuzi akipita mbele ya lango la kiwanda. Alisema hivyo kwa huzuni sana, na mimi nikamwambia mbuzi wetu wanaigiza vizuri.

Kaka alirudi baada ya swala, mikono ya shati bado imekunjwa kwa udhu. Hakumtazama mtu. Alimkuta mama ametoka chumbani, amesimama kwenye mkeka wa uani na tasbihi, akasimama mbele yake pale pale alipopangiwa asubuhi.

"Wallahi," akasema. "Wallahi ni la sinema tu. Sitalibeba."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kupanda lori la Mandera jioni ile ile bila neno lolote, kama mjomba. Angeweza kungoja mwaka mwingine na kuomba tena. Alikuwa ametembea hadi msikitini na kurudi, na njiani akaiweka chini safari yake yote, Ujerumani na magari ya kuegemea, ili mama yake asiogope neno moja. Nililia waziwazi, na sioni haya kulisema. Mwongozaji alidhani nimeumwa na kitu.

"Washeni," nikamwambia. "Washeni sasa hivi."

Wakakimbilia kamera. Mama akabandikwa mende wake. Hakuhitaji kuelekezwa. Akamtazama mwanawe, akasema neno zima kama lilivyoandikwa, nenda unakotaka, lakini kwa sauti ya chini mno, fundi akasema haikusikika. Akaombwa kurudia. Akarudia kwa sauti. Akarudia bila kuombwa. Nenda unakotaka, nenda, nenda zako, alikuwa analitupa lile neno huku na huku kama mtu anayelisha kuku, na uso wake wote umefunguka, meno nje, machozi yakishuka hadi kidevuni.

"Mwambie asicheke," mwongozaji akaninong'oneza kwa kukata tamaa. "Anamfukuza mwanawe."

Nikamwambia. Mama akajifuta macho, akakunja uso kwa nguvu zake zote, akanyoosha kidole. Alifika katikati ya sentensi tu.

"Mwombe anisamehe," akasema. "Leo uso wangu haunisikii."

Wakarudia tena na tena mpaka jua likagusa ukuta. Kila mara kaka yangu alifukuzwa, akatembea hadi langoni kama alivyoelekezwa, na mwongozaji aliposema kata, akageuka akarudi kwa mama.